Bei ya dripu, bei ya ndege: nani anaruhusiwa kuuliza?

Bili ya shangazi yangu ilikuwa kurasa tatu zilizobanwa kwa pini. Alikuwa amelazwa siku nne kwa nimonia katika hospitali moja ya binafsi hapa Nairobi. Akapona, akajifunga leso yake, akakaa kwenye benchi karibu na mlango akisubiri nimalize kulipa turudi Kayole. Ukurasa wa pili ndio ulionisimamisha. Dripu ya maji ya chumvi, chupa ya nusu lita, Sh950. Chupa zilikuwa sita. Kanula, kile kibomba cha plastiki kinachoachwa kwenye mshipa, Sh600. Halafu glovu, jozi baada ya jozi, mpaka nikachoka kuhesabu.

Nikamwuliza keshia. "Samahani dada, hii dripu ni Sh950 kweli?"

"Ndiyo bei iko kwa sistimu, kaka. Mimi siwezi kuibadilisha."

"Nani anaweza?"

Akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu. "Watu wa akaunti. Lakini saa hii wameshatoka."

Nililipa. Tulikuwa tumechanga kwenye kikundi cha familia, M-Pesa kutoka Kitale, kutoka Mombasa, na kwa binamu aliye Doha, na shangazi alitaka kwenda nyumbani. Siku mbili baadaye nilikuwa na shughuli mjini, nikapitia River Road, nikaingia duka la dawa la jumla na kuuliza bei ya chupa ileile yenye lebo ileile. Sh130.

Nilikaa na hasira wiki nzima. Kisha nikazungumza na rafiki yangu ambaye ni muuguzi na amefanya kazi wodi za binafsi na za serikali. Hakuitetea ile hospitali, lakini alinipa hesabu ambayo sikuwa nayo. "Chupa ni Sh130, sawa," akaniambia. "Lakini mimi niliyeitundika saa nane usiku niko wapi kwa hiyo bili? Jenereta iko wapi? Na yule mgonjwa aliyelala ICU wiki mbili akafa bila kuacha hata senti, unadhani ile hasara ilienda wapi?" Kwa maelezo yake, iliingia kwenye dripu, kwenye kanula na kwenye glovu, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo hospitali inaweza kuvihesabu mbele ya mgonjwa na kuviandikia bei.

Maelezo haya yalinikumbusha kisa cha jeshi. Mwaka 1983 umma wa Marekani ulipata habari kwamba jeshi lao la wanamaji lilikuwa limelipa dola 435 kwa nyundo moja. Nyundo ya kawaida kabisa. Ikawa wimbo wa kila mwanasiasa, na miaka 40 baadaye bado inatajwa kila yanapozungumzwa matumizi ya kijeshi. Wasichosimulia wengi ni jinsi bei ile ilivyopatikana. Mkandarasi aliuza vifaa vingi kwa mkataba mmoja, na gharama zake za ujumla, za wahandisi, ofisi na usimamizi, zikagawanywa kwa idadi ya vitu vilivyouzwa bila kujali thamani ya kila kimoja. Nyundo ikabebeshwa mzigo sawa na mtambo wa maelfu ya dola. Kwenye karatasi nyundo ilipanda bei kupita kiasi, na ule mtambo ukaonekana nafuu kuliko ulivyokuwa.

Kwa hiyo inawezekana nyundo ya dola 435 haikumwibia mtu yeyote. Inawezekana pia iliiba. Kwa namba hiyo peke yake huwezi kujua, na hapo ndipo mjadala wetu wa bei, hapa Kenya na kwingineko, unapokwama kila mara. Tunaoneshwa bei moja ya kushangaza, tunapiga kelele, mwenye mali anatoa maelezo ya kitaalamu, tunachoka, halafu inakuja nyingine. Nimekuja kuamini kwamba ukubwa wa bei ndilo jambo dogo zaidi katika mambo haya. Kubwa ni kama kuna mtu mwenye uwezo wa kukataa aliyeoneshwa mchanganuo wa bei hiyo kabla pesa hazijatoka. Katika hospitali na katika jeshi mtu huyo mara nyingi hayupo, na sababu za kutokuwepo kwake zinafanana kuliko tunavyodhani.

Tazama mfano wa karibuni. Oktoba 2024 Mkaguzi wa ndani wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alitoa ripoti kuhusu vipuri vya ndege ya mizigo ya C-17. Alikuta kwamba kwa kidude cha kutolea sabuni chooni, jeshi la anga liliilipa Boeing karibu mara 80 ya bei ya kifaa kama hicho sokoni. Boeing ilijibu kwamba ulinganisho haukuwa wa haki: kipuri cha ndege ya kijeshi kina masharti yake, lazima kijaribiwe, lazima kiidhinishwe, na hakiwezi kuwekwa mizani moja na kidude cha dukani ambacho hakijapitia lolote kati ya hayo. Jibu hilo lina uzito. Kitu kinachofungwa kwenye ndege hupimwa kwa mtikisiko na kwa moto, na vipimo ni pesa. Lakini mara 80? Hata ukiongeza gharama ya kila kipimo, mtu alipaswa kusimama na kuuliza, na ripoti ile ilisema waziwazi kwamba jeshi lenyewe halikuwa limekagua bei za vipuri vile ipasavyo. Muuzaji aliweka bei. Mnunuzi, mwenye bajeti kubwa kuliko jeshi lolote duniani, hakuuliza.

Kwa nini mnunuzi haulizi? Kwenye soko la Gikomba ninauliza, tena kwa sauti. Nikiambiwa koti ni Sh1,500 nacheka, nageuka, naitwa, tunamalizia Sh600. Kinachonipa nguvu ni uwezo wa kugeuka na kwenda zangu. Mgonjwa aliyelala na oksijeni puani hawezi kugeuka. Mwanajeshi aliye kambini mpakani na gari lililoharibika gia hawezi kugeuka. Anayetengeneza gia hiyo ni mmoja, na yuko ng'ambo. Tena anayelipa siye anayetumia. Shangazi yangu hakuichagua ile dripu, aliichagua daktari, na pesa zilitoka kwetu. Askari hachagui buti zake. Mtumiaji, mwamuzi na mlipaji wakiwa watu watatu tofauti, bei hukosa mwenyewe.

Kenya tuna nyundo yetu, nayo ni wilbaro ya Bungoma. Mwaka 2015 kaunti ile ilinunua wilbaro 10 kwa Sh109,320 kila moja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, zilizokusudiwa kazi ya vyakula. Sitaki kulirudia sana jambo lililokwisha kuchekwa nchi nzima. Nitasema tu kwamba mwaka uleule Bunge lilikuwa likipitisha sheria ya manunuzi ya umma, na kifungu cha 54 cha sheria hiyo kinasema bidhaa za kawaida zenye bei inayojulikana sokoni zinunuliwe kwa bei ya soko, na mamlaka inayosimamia manunuzi itoe orodha ya bei za soko kila robo ya mwaka. Yaani sheria ya kuzuia wilbaro ya laki moja tunayo, na imeandikwa vizuri.

Ugumu huanza pale bei ya soko inapoyumba au isipokuwepo kabisa. Chukua habari ya KEMSA mwaka 2020. Shirika lile la kununua dawa na vifaa vya hospitali za umma lilitumia takriban Sh7.8 bilioni kwa vifaa vya Covid, zikiwemo barakoa za KN95 kwa Sh700 moja. Ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ulionesha kwamba sehemu kubwa ya mali ile ilibaki ghalani bei za soko zikishuka kila wiki. Waliotetea ununuzi ule walisema: kumbukeni Machi na Aprili 2020. Dunia nzima ilikuwa ikigombea barakoa. Serikali tajiri zilinyang'anyana mizigo kwenye viwanja vya ndege. Madaktari wetu walikuwa wakivaa koti la mvua badala ya vazi la kujikinga. Nani angesubiri bei ishuke?

Mimi nawaelewa. Mtu aliyekuwa Nairobi majuma yale hawezi kusema kwa uaminifu kwamba Sh700 ilikuwa bei ya wizi siku iliposemwa. Kinachoniumiza ni mambo mengine. Kampuni moja ilikuwa imeandikishwa Februari mwaka huohuo, na ikapewa biashara ya karibu Sh1 bilioni. Kampuni ya miezi miwili haina kiwanda, haina ghala, haina uzoefu wa kuagiza kitu. Ina mtu inayemjua. Halafu bei ilifungwa kwa barua za ahadi bila kipengele cha kuipunguza soko likishuka, na bila hesabu ya nani anahitaji nini. Dharura inaweza kueleza bei. Haielezi kwa nini muuzaji ni huyu.

Kinyume chake kipo pia, bei kubwa ambayo watu waliilaani na ambayo, nikiitazama kwa utulivu, siwezi kuilaani yote. Mwaka 2015 serikali kuu iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa ajili ya hospitali 98, karibu mbili kwa kila kaunti, kwa Sh38 bilioni. Kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye ikawa Sh200 milioni, pesa zikiondolewa kabla hata gavana hajaziona. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka 2020, na neno ililotumia ni biashara ya kihalifu. Kulikuwa na mashine zilizokaa kwenye maboksi kwa sababu chumba hakina umeme wa kutosha, au maji, au mtaalamu wa kuiendesha. Kaunti zilipewa kitu kilekile kwa bei ileile, ziwe zinakihitaji au hazikihitaji, na magavana walilalamika kwamba hata mikataba yenyewe hawakuoneshwa.

Hata hivyo, kabla ya mpango ule mgonjwa wa figo wa Garissa au wa Kakamega mara nyingi alilazimika kusafiri hadi Nairobi au Eldoret kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, maisha yake yote yaliyobaki. Wengine walihama, wakapanga chumba mjini ili wawe karibu na mashine. Leo kaunti nyingi zina kitengo cha kusafisha damu. Na bei ya kukodi haikuwa bei ya mashine tu. Ilibeba matengenezo, vipuri na mafunzo kwa miaka saba. Anayeichukua bei hiyo na kuilinganisha na bei ya mashine iliyo dukani anafanya kosa lilelile la nyundo. Mtu wa Garissa akiniambia kwamba Sh38 bilioni ziliokoa maisha ya mama yake, sitabishana naye. Nitamwuliza tu kama angependa kujua ni ngapi kati ya hizo zilizookoa maisha na ngapi zilizopotea njiani, kisha nitamwambia kwamba hata gavana wake mwenyewe alinyimwa karatasi ambayo ingemjibu.

Kuna ununuzi mwingine ambao sioni upande wa pili wake. Makontena 100 ya zahanati zinazohamishika, yaliyonunuliwa na Wizara ya Afya kwa Sh10 milioni kila moja, yaligunduliwa mwaka 2016 yakiwa yamekaa Miritini, Mombasa. Yalikusudiwa mitaa ya watu maskini. Niliwahi kuona picha zake: safu za vyuma vyeupe kwenye majani marefu.

Sasa tuvuke twende Ulinzi House, makao ya Wizara ya Ulinzi. Si mbali sana na Afya House ya Wizara ya Afya, unaweza kwenda kwa miguu, lakini ukifika huko maswali hubadilika sauti. Bajeti ya ulinzi imepita Sh150 bilioni kwa mwaka, na sehemu kubwa yake mwananchi huiona kama mistari michache tu kwenye kitabu cha makadirio. Sheria ya manunuzi inaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili, moja ya wazi na moja ya siri.

Siri hiyo ina sababu, na nataka kuipa haki yake kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu ufisadi huipita haraka. Nchi hii ina wanajeshi Somalia tangu Oktoba 2011. Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, na familia nyingi za Kenya zilipokea majeneza. Ukitangaza kwamba umenunua miwani 40 ya kuonea usiku, umemwambia adui kwamba askari wako wengi hawana. Ukitangaza aina ya redio, umemwambia atafute nini. Na mama mwenye kijana kule hataki mzabuni wa bei ya chini kabisa amtengenezee mwanawe fulana ya kuzuia risasi. Mimi mwenyewe sitaki. Kuna vitu ambavyo bei ya juu ni bei ya kutokufa, na ofisa anayesema "tulinunua kilicho bora" hastahili kuitwa mwizi kwa neno hilo peke yake.

Lakini tazama siri hiyo ilivyotumika. Kashfa ya Anglo Leasing, mikataba 18 iliyopita chini ya kivuli cha usalama wa taifa, ilianza kufahamika kupitia mkataba wa pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja euro milioni 6. Kazi ikapewa Anglo Leasing kwa euro milioni 30, na Anglo Leasing ingeipeleka kazi ileile kwa Wafaransa walewale. Anwani yake ilikuwa Liverpool na nyuma ya anwani hapakuwa na kampuni ya maana. John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa maadili, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Na mwezi Mei 2014 Kenya ililipa Sh1.4 bilioni kwa wadai wa mikataba ile, ili njia ya kukopa kwenye soko la nje iwe safi. Tangu lini mashine ya kuchapa pasipoti ikawa siri ya vita? Kila abiria wa uwanja wa ndege anaibeba bidhaa yake mfukoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ndege, kwa sababu unaonesha kwamba siri hii ni ya upande mmoja. Januari 2017 tulipata habari kwamba Kenya inataka kununua hadi ndege 12 za Air Tractor zilizogeuzwa kuwa za kivita, pamoja na mbili za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Tuliipata wapi? Washington. Sheria ya Marekani inailazimu serikali yao kulijulisha Bunge lao kabla ya mauzo makubwa ya silaha, na taarifa ile huwekwa hadharani. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, akasimama kuhoji bei na namna muuzaji alivyochaguliwa, kwani jimbo lake lilikuwa na kampuni inayotengeneza ndege kama hizo. Alikuwa na maslahi yake, bila shaka. Lakini swali lake lilijadiliwa Nairobi kwa miezi kadhaa, na mpango ule haukutimia. Baadaye Kenya ilinunua helikopta za MD 530F. Idadi, aina na bei ya ndege ambazo zingelipiwa na kodi yangu zilisomwa na mtu yeyote mwenye intaneti, Al-Shabaab wakiwemo, na sijasikia mtu akisema usalama wetu ulivunjika kwa hilo. Marekani, yenye siri nyingi kutuzidi, imeona inaweza kuutaja mzigo na bei yake bila kulivua jeshi nguo.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba bei haiwezi kutajwa, nataka kujua ni bei ya nini. Miwani ya usiku, sawa. Maharagwe ya jeshi, magodoro, sabuni, rangi ya kuta za kambi, hapana.

Kuna jambo lingine ambalo wachambuzi wengi wa ufisadi hawalitaji, na ambalo kila mfanyabiashara wa Industrial Area atakuambia kabla chai haijapoa: serikali hailipi kwa wakati. Katikati ya 2024 madeni ya serikali kuu kwa wanaoiuzia bidhaa na huduma yalikuwa yamepita Sh500 bilioni. Ukiiuzia hospitali ya umma glovu leo, ukakopa benki kununua mzigo, ukalipwa baada ya miaka miwili, riba ile lazima ilale mahali. Inalala kwenye bei ya glovu. Na wauzaji waangalifu, wenye bei nzuri, hujitoa kabisa, wakabaki wale wenye uvumilivu wa kusubiri au wenye jamaa ndani wa kuwasukumia faili. Hospitali za binafsi nazo zinasema NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikufa ikiwa na deni lao la zaidi ya Sh30 bilioni. Sina shaka kwamba sehemu ya Sh950 za shangazi yangu ni deni la mtu mwingine ambalo serikali haikulilipa. Nikihukumu wauzaji bila kusema hili, nitakuwa nimewaonea.

Basi dawa ni kutangaza bei ya kila kitu? Huko ndiko moyo wangu unakoelekea, lakini nimelazimika kupunguza kasi. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, ilipoanza kazi Oktoba 2024 ilikuja na bei zilizochapishwa: Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida, Sh30,000 kwa uzazi wa upasuaji, Sh10,650 kwa kila awamu ya kusafisha damu. Ni hatua njema, mgonjwa anaweza kuisoma. Lakini udanganyifu haukukoma, ulihamia upande mwingine. Bei ikifungwa, kinachoongezwa ni idadi na jina la huduma. Mama aliyejifungua kawaida anageuka mtu wa upasuaji kwenye karatasi. Mgonjwa aliyepewa tembe akarudi nyumbani anaandikwa kwamba alilala siku tatu. Wizara ya Afya yenyewe imefunga vituo kwa makosa ya aina hiyo. Na hospitali za haki zinalalamika kwamba bei zile haziangalii tofauti ya kodi ya nyumba kati ya Upper Hill na Lodwar.

Wako pia wanaoonya kwamba bei zikiwekwa wazi wauzaji watazitumia kupanga njama: mwenye kuuza Sh90 akiona mwenzake amelipwa Sh140 naye atapandisha. Ni hofu ya kweli. Hata hivyo, wauzaji wanazijua bei za wenzao tayari; wanakunywa pamoja, wameajiri makarani walewale. Asiyejua ni mlipaji.

Na tunayo kumbukumbu ya nini hutokea mlipaji anapojua. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Makampuni yalisema hiyo ndiyo gharama ya utafiti, na utafiti kweli ni ghali, hakuna anayebisha. Februari 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikatangaza kwamba inaweza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka, na kuanzia siku hiyo kila mtu duniani alijua kutengeneza dawa zile kunagharimu kiasi gani. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha sheria ya mali ya viwandani iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu. Bei ikaendelea kushuka hadi chini ya dola 100. Utafiti haukufa. Watu wa Kisumu na Homa Bay ninaowafahamu, waliokuwa wakichimbiwa makaburi, wanalea wajukuu. Sikubaliani tena na mtu anayeniambia kwamba mchanganuo wa bei ni jambo la wahasibu.

Kwa upande wa hospitali na maduka ya binafsi, Kenya haina bei ya juu kabisa ya dawa iliyowekwa kisheria, na sina hakika kwamba ningeitaka. Bei ikibanwa chini ya gharama, dawa huadimika kwenye rafu, na ukosefu ni ghali kuliko bei. Ningetaka kitu kidogo zaidi: bili inayotenganisha chupa na kazi ya kuitundika. Iandike dripu Sh130, iandike huduma ya uuguzi Sh2,000 ikiwa ndivyo ilivyo, iandike mchango wa wasiolipa. Muuguzi rafiki yangu ataonekana kwenye karatasi. Hapo naweza kubishana kuhusu kitu halisi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha katiba kuwazuilia wagonjwa kwa sababu ya bili, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua. Mtu asiyeruhusiwa kuondoka hadi alipe, angalau aelezwe analipia nini.

Wiki hii nimeandika barua mbili chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, inayozipa ofisi za umma siku 21 kujibu. Moja imekwenda kwa hospitali ya kaunti, nyingine kwa Wizara ya Ulinzi, kwa kuwa jeshi lina hospitali yake hapa mjini na wagonjwa wake huwekewa dripu kama wagonjwa wengine. Sikuuliza kuhusu silaha wala idadi ya wanajeshi. Zote mbili zina swali moja: katika mwaka wa fedha uliopita, chupa moja ya nusu lita ya maji ya chumvi mliinunua kwa shilingi ngapi, na mlimlipa muuzaji baada ya siku ngapi? Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa pili wa bili ya shangazi, jina lake nikalifunika kwa karatasi.